Frateri, Mimi Nitapewa Herufi Gani?

Nikiwa katika mwaka wa kichungaji kwenye parokia moja ya mwambao wa ziwa, upande wa Ilemela, nilipewa kazi ya kufundisha darasa la kipaimara. Jumamosi moja tulifika kwenye somo la mambo ya mwisho: kifo, hukumu, mbingu, jehanamu. Nilieleza kadiri nilivyoweza, tukasali, watoto wakatoka mbio. Mmoja alibaki mlangoni. Akasema, "Frateri, samahani. Sasa mwishoni Mungu anatoa S, au ya juu kabisa ni A?"

Sikumwelewa. Mwenzake aliyekuwa akimsubiri nje ndiye aliyenitafsiria: "Anaongelea gemu, Frateri. Ukimaliza inakupa herufi."

Nikasema tutaongea Jumamosi ijayo, kama wasemavyo walimu wote waliobanwa. Wiki hiyo nikapita kwenye banda la gemu karibu na Kirumba, nikakaa kwenye benchi, nikatazama. Niliyoyaona pale, na niliyosoma baadaye, ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu swali la yule kijana si la kitoto. Nimelisikia tena kwa watu wazima, kwa maneno mengine, na baadhi yao wako seminarini.

Kwa asiyewahi kuingia, banda la gemu ni chumba cha ukubwa wa duka la kawaida, chenye luninga mbili au tatu, benchi za mbao, na padi ambazo waya zake zimefungwa soletepu mara nyingi kuliko inavyofaa. Unalipia kwa mechi au kwa muda. Mchezo unaotawala ni mpira, ule wa kampuni ya EA uliojulikana miaka mingi kwa jina la FIFA na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Mechi ikiisha kioo hakikuambii tu nani kashinda. Kinaonyesha mashuti, asilimia ya kumiliki mpira, na kila mchezaji anapewa alama yake juu ya kumi. Ubishi unaanzia hapo. Nimemsikia kijana aliyefungwa mabao matatu akijitetea kwamba kiungo wake alipata alama nzuri kuliko viungo wote wa mshindi, na wenzake wakamsikiliza kwa heshima kabisa.

Tabia hii ya mashine kumpima mchezaji ina historia. Gemu za mwanzo hazikuwa na mwisho. Space Invaders ya mwaka 1978 iliendelea mpaka ukafa. Ilichofanya ni kutunza alama ya juu kuliko zote ili anayefuata ajaribu kuipita. Mwaka 1979 Asteroids ya Atari ikamruhusu mchezaji kuandika herufi tatu za jina lake kando ya alama zake. Swali lilikuwa moja: umefika wapi kabla ya kufa? Baadaye zikaja gemu zenye hadithi, zenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, ambazo kila mwenye subira huzimaliza. Hapo watengenezaji wakawa na swali jipya. Ikiwa wote wanafika mwisho, tutamtofautishaje hodari na asiye hodari? Wajapani walijibu kwa kuazima desturi ya shule: wakatoa herufi. Juu ya A wakaweka S, na hiyo ndiyo S ya kijana wangu.

Katika Devil May Cry ya mwaka 2001, kila kipande cha hadithi kikiisha unapewa daraja kuanzia D hadi S kwa kuangalia muda uliotumia na vijiwe vyekundu ulivyokusanya. Metal Gear Solid ya 1998 haikutoa herufi bali jina. Ilihesabu muda, mara ambazo adui alikugundua, watu uliowaua, mara ulizokufa ukaendelea, kisha ikakuita. Aliyecheza vizuri kupita wote aliitwa Big Boss. Aliyefika mwisho kwa kufa na kufufuka mara nyingi, akila kila chakula cha akiba, aliitwa Kuku. Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi: Angry Birds na Candy Crush hutoa nyota moja, mbili au tatu, na wapo mama zetu wa jumuiya wanaorudia hatua ileile siku tatu kwa sababu ya nyota moja iliyokosekana. Nawafahamu, sitawataja.

Mtoto wa Tanzania hahitaji kufundishwa kuishi chini ya herufi. Kidato cha nne anajua kwamba A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Anajua pia kwamba A ni pointi 1 na F ni pointi 5, kwamba zinajumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na kwamba kuanzia 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Kadiri zinavyopungua ndivyo bora, kama gemu ya kushindana na saa. Matokeo yanatangazwa kwenye intaneti, kila mtu anayaona, na jioni hiyo katika nyumba nyingi za Nyegezi, Igoma au Sengerema kuna mtoto asiyetaka kutoka chumbani. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023, desturi yake ya kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Herufi zenyewe zilibaki, na ni sawa zibaki. Daktari wa Bugando atakayenipasua, ningependa awe amefaulu baiolojia.

Sina ugomvi na kupimwa, basi. Mvuvi anayeleta sangara mwaloni anapimiwa kwa mizani, na sangara asiyefikia sentimita 50 hakuruhusiwa hata kuvuliwa. Bila kipimo hakuna biashara wala sheria. Jambo lililonishtua pale bandani lilikuwa jingine, nami nililiona katika gemu ya zamani ambayo mwenye banda alikuwa nayo kwa ajili ya wateja wake wa siku nyingi.

Ni Resident Evil 2, ya mwaka 1998. Mchezaji yuko katika mji uliojaa maiti zinazotembea. Anajeruhiwa. Njiani anaokota dawa ya kupulizia inayoponya majeraha yote mara moja. Anaruhusiwa pia kuhifadhi mchezo wake kwenye mashine za kupigia chapa, ili akifa asianzie mwanzo. Hivi vyote mchezo unampa wenyewe. Lakini mwishoni, wakati wa kutoa daraja, kila alipotumia ile dawa na kila alipohifadhi panahesabiwa dhidi yake. Anayetaka daraja la juu kabisa sharti apite katika mji ule bila kutumia dawa aliyopewa. Nilimtazama jamaa mmoja, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akichechemea kwenye kioo na damu zake, dawa tatu mfukoni, akikataa kuzitumia. Akafa na dawa zake. Akacheka, akaanza upya.

Kama mchezo, ni sawa kabisa. Ndiyo raha yake. Lakini nilitoka pale nikiwaza watu ninaowajua. Yuko baba asiyekuja kwenye kitubio mwaka wa nne sasa, na si kwamba haamini. Anasema dhambi yake ni ileile, ameshaiungama mara nyingi mno, anaona aibu kuirudisha. Yuko mama anayekaa bila komunyo miezi mingi, ndoa yake haina kizuizi, dhamiri yake haina dhambi ya mauti anayoijua, ila anahisi "hajastahili bado". Na yuko frateri (pengine ni wewe unayesoma, pengine ni mimi) anayemficha baba wa kiroho jambo moja kwa sababu ripoti ya malezi inakaribia. Wote hawa wana dawa mfukoni. Wanaogopa kwamba mahali fulani kuna karatasi inayoandika kila walipotibiwa, na kwamba mwisho itasomwa.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi, na inafaa yasemwe waziwazi. Sakramenti si posho ya akiba ambayo ukiitumia unakatwa. Mtakatifu Ignasi wa Antiokia, askofu na mfiadini wa mwanzoni mwa karne ya pili, aliiita Ekaristi dawa. Papa Fransisko alirudia wazo hilo mwaka 2013 katika Evangelii Gaudium, namba 47, akikataa kabisa ifanywe tuzo ya waliokamilika. Mwenye dhambi nzito aungame kwanza, hilo halijabadilika; lakini kuungama kwenyewe ni tiba, na hakuna kikomo cha mara ngapi. Mwaka 2018, katika Gaudete et Exsultate, Papa huyohuyo alitumia kurasa nyingi kwa uzushi wa zamani wa Pelaji, ule unaofikiri kwamba mtu anafika kwa nguvu zake na neema ni nyongeza tu. Nafikiri yule jamaa wa bandani ni picha yake nzuri kuliko nyingi nilizosoma katika vitabu vya teolojia. Hakuikana dawa. Alikuwa nayo. Ila alitaka ionekane kwamba hakuihitaji.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona basi Kanisa lenyewe linatufundisha kuhesabu? Kila usiku, kabla ya sala ya kulala, tunachunguza dhamiri. Si ni kioo kilekile cha matokeo?

Hapa inasaidia kumwangalia Mtakatifu Ignasi wa Loyola, kwa sababu yeye alihesabu hasa, tena kwa kalamu. Katika Mazoezi ya Kiroho anamshauri mtu achague kosa moja analotaka kuliacha. Asubuhi anapoamka anakusudia kujilinda nalo. Kila anapoanguka anaweka mkono kifuani, jambo ambalo, Ignasi anasema, linaweza kufanyika hata mbele za watu wasitambue. Baada ya chakula cha mchana na baada ya chakula cha jioni anajihoji saa kwa saa, na kwa kila anguko anatia nukta kwenye mstari. Kila siku ya juma ina mistari yake, kisha analinganisha: jioni na mchana, leo na jana, juma hili na lililopita. Mchezaji yeyote angeielewa karatasi hiyo mara moja.

Lakini karatasi hiyo haitoi daraja. Nukta kumi na mbili hazikufanyi kuwa Kuku. Kazi yake ni kama ya mvuvi anayekagua nyavu zake ufukweni apate kujua pa kushona. Na katika uchunguzi wa jumla wa dhamiri, ule wenye nukta tano, Ignasi hakuanza na makosa. Nukta ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema aliyopokea. Ya pili ni kuomba neema ya kuzijua dhambi zake. Ndipo inakuja hesabu, kisha kuomba msamaha, kisha kukusudia kujirekebisha kwa msaada wa neema. Hesabu imewekwa katikati, ikishikwa huku na huku na Mungu. Anayeiruka shukrani akaenda moja kwa moja kwenye makosa, nadhani ndivyo wengi wetu tunavyofanya usiku tukiwa na usingizi, amebaki na kioo cha matokeo.

Ignasi aliyajua haya kwa maumivu. Mwaka 1522, huko Montserrat, aliungama dhambi zote za maisha yake kwa maandishi, kazi iliyochukua siku tatu. Akaenda Manresa, na huko wasiwasi wa dhamiri ukamshika: pengine kuna kitu hakukisema, pengine hakukisema vizuri. Akaungama tena na tena, bila kupata nafuu, mpaka akajaribiwa kujiua. Alipona alipoamua kutorudia tena kuungama dhambi za zamani. Nalisema hili kwa yeyote kati yetu anayelala akirudia kuhesabu yaliyokwisha kusamehewa. Asibaki peke yake na hesabu hiyo. Amwambie muungamishi mmoja, amtii huyohuyo, asizunguke parokia hadi parokia akitafuta herufi nzuri zaidi. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, mwalimu mkuu wa teolojia ya maadili, aliteswa na wasiwasi huo pia, hivyo si alama ya upungufu wa akili wala wa wito.

Kwa haki ya watengenezaji wa gemu, wapo walioona kwamba herufi haitoshi. Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa Ultima IV, ambamo hakuna adui mkuu wa kumuua mwishoni. Mchezaji anatakiwa kukua katika fadhila nane, kama unyofu, huruma, haki na unyenyekevu, na mashine inamhesabu kimyakimya. Kuna muuza mitishamba kipofu. Unaweza kumlipa pungufu, naye hatajua. Mchezo unajua. Miaka thelathini baadaye, 2015, Toby Fox akatoa Undertale. Humo kila unapoua unapata alama na kiwango chako kinapanda, kama katika gemu nyingine zote, nawe unafurahi. Karibu na mwisho, katika ukumbi mrefu, anasimama mtu mmoja kukuhukumu, na ndipo anakueleza kwamba zile alama ulizokuwa ukifurahia zilikuwa kipimo cha maumivu uliyowatia wengine. Asiyemuua yeyote anafika pale akiwa na kiwango kilekile alichoanza nacho, moja. Yaani ulichodhani ni kupanda kilikuwa kushuka.

Nilipousoma huo mchezo nilifikiria Mathayo 25, ambako kondoo na mbuzi wote wawili wanashangaa. Hakuna aliyekuwa akijihesabia. Wema hawakukumbuka kwamba walimlisha mtu. Lakini Undertale ina jambo jingine: ukiuzima ukaanza upya ili ujisafishe, unakumbuka. Watu wa ndani yake wanaweza kukudokeza juu ya yale uliyofanya katika maisha yaliyopita. Mtunzi ameona kweli nusu, kwamba tendo halifutiki kwa kubonyeza kitufe. Nusu nyingine, kwamba anaweza kuwepo anayekumbuka na bado akasamehe, hakuna mashine inayoweza kuitoa, maana inahitaji mtu aliyekosewa.

Nimeulizwa pia kama ni halali kwa mseminari kucheza. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation na akajiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Hilo linatosha; yaliyobaki muulize mlezi wako, na umuulize kabla ya kucheza.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kijana wangu ameshakaa benchi la mbele. Sikuanza na Katekisimu. Nilimsomea Yohane 21, kwa sababu baba yake ni mvuvi wa dagaa na nilijua ataelewa usiku wa kurudi mtupu. Anajua usiku wa giza wa kwenda na taa, anajua siku za mbalamwezi kubwa ambapo mitumbwi inapumzika, anajua uso wa baba anayetoka ziwani bila kitu. Petro na wenzake wamekesha, hawakupata hata mmoja. Alfajiri mtu wa ufukweni anawaambia watupe jarife upande wa kuume. Linajaa. Na Injili inataja hesabu kamili: samaki wakubwa 153, na nyavu hazikukatika.

"Hiyo ni S," akasema.

Nikamwambia aendelee kusikiliza. Ufukweni kuna moto wa makaa, na juu yake samaki na mkate, kabla wao hawajaleta cha kwao. Wanakula. Petro mara ya mwisho alipoota moto wa makaa alikuwa uani kwa kuhani mkuu, akikana mara tatu. Sasa Yesu anamgeukia. Hamwulizi juu ya samaki 153. Hamwulizi juu ya usiku mtupu. Hata yale makano matatu hayataji kwa jina. Anamwuliza kama anampenda, mara tatu, na kila akijibu anampa kazi ya kulisha kondoo. Kwa hiyo, nikamwambia, nikifikiria hukumu naiona zaidi kama ufukwe ule. Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu, haikuwa rahisi. Ukweli wote ulikuwa pale kwenye makaa. Ila aliyekuwa akiuliza alikuwa ameshampikia.

Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyozoea kwa umri wake. Kisha akauliza, "Sasa, Frateri, wale samaki nani aliwahesabu?"

Nikasema Injili haisemi.

"Lazima alikuwa mtu wa mwaloni," akasema, akatoka kuwafuata wenzake.